Nilipoitwa Mahakamani Kutoa Ushahidi

Ndugu wafanyakazi, karatasi ile ililetwa kambini siku ya Ijumaa mwaka 2018, na askari aliyekuja kwa pikipiki. Ilikuwa na muhuri wa mahakama, imeandikwa kwa Kiingereza, na jina langu limejazwa kwa kalamu. Watu waliokuwa wakingoja posho walinitazama kama mtu aliyekwisha kufungwa. Mke wangu alikuja mbio akauliza, "Baba watoto, umefanya nini?" Sikuwa nimefanya jambo lo lote. Nilikuwa nimeitwa kuwa shahidi.

Wakati huo nilikuwa nachuma chai katika shamba moja huku magharibi ya Uganda, na wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa mwakilishi wa chama. Mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 ulipotea stoo. Jioni ya siku hiyo nilikutana njiani na kijana mmoja, mchumaji kama mimi, akisukuma baiskeli yenye mfuko mweupe kwenye keria. Tulisalimiana, akapita. Kesho yake walinzi wa kampuni walimkamata, wakakuta mfuko mweupe mtupu nyumbani kwake. Polisi walikuja kuuliza nani alimwona, nami nikasema nilimwona. Maelezo yangu yakaandikwa, nikatia sahihi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Usiku mnyapara alikuja mlangoni kwangu. "Ndugu, wakubwa wanakutegemea. Sema ulimwona akitoka stoo, mambo yaishe." Jumapili wenzangu wakaniita pembeni penye pombe. "Wewe ni mtu wetu. Tulikuchagua sisi, si kampuni. Sema hukuona kitu." Nilirudi nyumbani sina usingizi. Niligundua kwamba pande zote mbili, zisizopatana hata juu ya bei ya kilo moja ya majani, zilikuwa zimepatana juu ya jambo hili moja, kwamba mimi niseme uwongo.

Wengi wetu tunadhani shahidi anaweza kukaa nyumbani akipenda. Sivyo. Ukipokea hati ya wito nawe usiende bila sababu ya maana, hakimu anaweza kutoa amri ukamatwe uletwe, na unaweza kutozwa faini. Ukienda ukasema uwongo baada ya kula kiapo, hilo ni kosa jingine kubwa, na sheria ya Uganda inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Na mashahidi si wa serikali peke yake. Mshtakiwa naye ana haki kwa Katiba ya mwaka 1995 kuwauliza maswali mashahidi wanaomshtaki na kuomba mahakama imwitie wa kwake. Laiti kijana yule angaliambiwa hivyo mapema.

Siku ya kwanza niliondoka saa 11 alfajiri, nikalipa nauli kutoka mfukoni mwangu. Mashahidi hawakai ndani kabla ya zamu yao, ili mmoja asisikie maneno ya mwingine. Tulikaa nje chini ya mti tangu asubuhi hadi saa 7. Kisha karani akatoka akasema askari mpelelezi hakufika, tarudini baada ya wiki mbili. Mara ya pili hakimu alikuwa kwenye mkutano. Mara ya tatu ndipo kesi ikasikilizwa. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na asiyechuma hana kilo. Siku zangu tatu zilikwenda bure. Nilipouliza gharama za mashahidi, karani alisema fedha zimekwisha.

Lakini mimi nilikuwa nalala kwangu. Kijana alikuwa analala rumande. Dhamana ilihitaji wadhamini wanaojulikana, na jamaa zake wote walikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inasema mtu mwenye kesi ya kusikilizwa na hakimu akifikisha siku 60 rumande kabla ya kusikilizwa, aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya haki. Yeye alikuwa amefikisha siku 47. Kila shahidi asipofika, aliyelipa ni yeye. Alishuka kutoka lori la magereza amekonda hata sikumtambua upesi.

Nikaitwa kizimbani. Nilichagua kuapa kwa Biblia. Mwislamu huapa kwa Kurani, na asiyetaka kuapa huruhusiwa kuthibitisha kwa maneno tu. Mahakama zetu husikiliza kwa Kiingereza, ijapokuwa Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili, mkalimani akageuza, na hakimu akaandika kwa mkono, polepole.

Mwendesha mashtaka aliniuliza nilimwona mshtakiwa saa ngapi. Nikasema saa 12 na nusu jioni. Umejuaje? Nikajibu kwamba kengele ya mwisho ya mizani ilikuwa imelia muda si mrefu. Alikuwa amebeba nini? Nikasema mfuko mweupe. Hapo nikasikia mkalimani akitaja mbolea.

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini neno la mbolea nalijua. Limeandikwa kwenye kila mfuko stoo, na mifuko ile nimeibeba mgongoni miaka mingi. Miguu ilitetemeka. Ndani ya mahakama mtu wa kazi huona haya kumkosoa mwenye tai. Nikainua mkono, "Mheshimiwa, sikusema mbolea. Nimesema mfuko mweupe. Unga wa posho nao huja katika mifuko mieupe." Hakimu alimtazama mkalimani, akanitazama mimi, akafuta alichoandika. Sidhani mkalimani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa ameisikia habari ya mbolea tangu asubuhi, ikamtoka mdomoni. Lakini neno hilo moja lingalibaki kwenye kitabu, mimi ndiye ningalionekana nimemfunga mwenzangu.

Kijana hakuwa na wakili. Alisimama akaniuliza mwenyewe.

"Mzee, uliona ndani ya mfuko?"

"Sikuona."

"Uliniona stoo?"

"Sikukuona stoo."

"Nilikuficha uso?"

"Hapana. Nilikusalimu, ukaitikia."

Mwendesha mashtaka akasimama tena. Kwa nini alikuwa anapita giza likiingia? Nikasema sijui. Akauliza tena kwa namna nyingine, nikasema sijui. Ndugu zangu, "sijui" ni jibu, nalo linakubaliwa mahakamani. Watu wengi huharibu ushahidi wao kwa sababu wanaona aibu kulisema.

Baada ya mlinzi na mpelelezi, hakimu aliona mshtakiwa hana kesi ya kujibu, akamwachilia. Nani alichukua mbolea? Mpaka leo sijui. Wako wanaosema ni yeye. Mimi nilieleza nilichoona njiani, basi. Mnyapara hakunisalimu miezi miwili, na nikahamishiwa kipande cha mbali chenye majani haba, hata chama kilipoingilia nikarudishwa.

Jambo linaloniuma ni jingine. Wiki moja baadaye mama mmoja, kibarua wa palizi, alinijia faraghani. Alimwona kijana akinunua unga dukani jioni ile ile. Alijua tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilipouguza mtoto siku mbili, nafasi yangu alipewa mtu mwingine. Nikienda mahakamani mara tatu, nani atanirudisha kazini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo tulipeleka jambo hili kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Tulidai kwamba mfanyakazi ye yote mwenye hati ya mahakama alipwe kwa wastani wa kilo zake za mwezi uliopita, na asiandikwe mtoro. Mwajiri alisema mahakama ndiyo ilipe. Tulibishana vikao vitatu. Mwisho alikubali, kwa masharti kwamba mtu amwonyeshe karani wa shamba hati yake kabla ya kwenda, na arudi nayo imegongwa muhuri wa mahakama nyuma kuonyesha alifika. Basi hati hiyo itunzeni, na msisahau muhuri wa nyuma, maana wawili wamekwisha kukosa malipo kwa kuusahau. Na polisi wakiandika maelezo yenu, ombeni msomewe kwa lugha mnayoijua kabla ya kutia sahihi.

Lakini alikubali kwa wafanyakazi wa kudumu tu. Vibarua walikataliwa, na mkataba ukatiwa sahihi hivyo. Tutalirudisha suala lao mkataba utakapofunguliwa tena. Mama yule bado ni kibarua.