Vinasaba vya Ziwa Tanganyika ni Mali ya Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia taarifa za mtu: namba yake ya simu, alama za vidole vyake, kumbukumbu za fedha anazotuma kwa simu kupitia Lumicash, na nani ana haki ya kuzitazama. Leo tunashuka mwaloni, kwa sababu swali hilohilo limeingia ziwani.

Wavuvi wa Rumonge, Burundi, huondoka jioni na taa zao kutafuta ndagala na mukeke. Kuna samaki mwingine wasiyehangaika naye, mdogo kuliko kiganja, mwenye mkia uliochongoka ncha mbili, anayeishi kwenye miamba ya pwani. Sokoni hatafutwi kama hao wawili. Ng'ambo, hata hivyo, huuzwa akiwa hai kama samaki wa mapambo, kwa jina la biashara lenye maana ya Binti Mfalme wa Burundi. Wataalamu humwita Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970. Wengi wanaouzwa leo wamezaliwa katika matangi ya kioo huko huko wanakouzwa, wala hawajawahi kuyaonja maji ya Tanganyika.

Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha jenomu, yaani ramani nzima ya vinasaba, za samaki watano wa Afrika wa jamii ya sato. Wawili kati yao ni wa ziwa letu: huyo brichardi, na Astatotilapia burtoni, ambaye maabara ya Russell Fernald katika Chuo Kikuu cha Stanford ilimtumia kwa miaka mingi kuchunguza jinsi cheo cha dume katika kundi kinavyobadilisha ubongo wake. Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, ikatoa jenomu za karibu aina zote za jamii hiyo zilizomo Tanganyika, kiasi cha 240. Taarifa hizo zimewekwa wazi kwenye hifadhi za data. Mtu aliye Boston au Shanghai anaweza kuzipakua usiku huu bila kulowesha hata kidole.

Wanasayansi hao siwalaumu. Kuweka data wazi kunamfaa pia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi ambaye hana mashine ya kusoma vinasaba. Ninacholalamikia ni sheria iliyochelewa.

Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya ikafuata. Ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, na Burundi ilikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka: anayetaka kuchukua kiumbe kwa utafiti huomba idhini kabla, kisha pande mbili hukubaliana namna ya kugawana faida. Lakini samaki waliotoka Bujumbura kabla ya 1992 hawamo, na vizazi vyao ndivyo vilivyojaa matangi ya dunia. Tena utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya kiumbe kinachoshikika, chenye kibali na sanduku la kusafirishia. Mfuatano wa vinasaba uliomo kwenye kompyuta haupiti forodhani.

Mlango mwingine wa kudai haki ni hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi, na hapo Burundi iliona mbali. Sheria yake ya mali ya viwanda ya tarehe 28 Julai 2009 inamtaka mwombaji aeleze asili ya rasilimali za kibiolojia na maarifa ya jadi yaliyotumika katika uvumbuzi wake. Udhaifu ni kwamba hataza hufuata mipaka ya nchi. Kampuni itakayoomba Munich au Tokyo haibanwi na sheria ya Burundi. Ndiyo maana tarehe 24 Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ya asili ya rasilimali ya kijenetiki, au jamii iliyotoa maarifa. Utaanza kufanya kazi zikifika nchi 15 zilizouridhia. Kwa maoni yangu una meno machache: hataza haiwezi kufutwa kwa sababu tu mwombaji hakutaja asili, na mfuatano wa kidijitali haukutajwa bayana.

Pengo hilo la kidijitali lilijadiliwa na wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai huko Cali, Kolombia, mwaka 2024, na mfuko wa kugawana faida ukazinduliwa Februari 2025. Kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na nyinginezo zinazonufaika na data za vinasaba zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Angalau nusu ya fedha ikusudiwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Kutoa, hata hivyo, ni hiari.

Na je, jamii ipi? Samaki hatambui mpaka wa nchi kati ya Rumonge na Kigoma, Tanzania. Ziwa ni la nchi nne, nazo zilitia saini mkataba wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003 na kuweka Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura. Kila nchi ikidai peke yake, kampuni zitachagua ile yenye masharti mepesi.

Kwa hiyo ombi langu ni mahususi. Maofisa wa OBPE, yaani Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, na wenzao wa nchi tatu jirani waandike katika kila kibali cha utafiti kwamba masharti ya kugawana faida yanahusu pia data, na kwamba kila mfuatano utakaochapishwa utaje mahali samaki alipovuliwa. Ninyi wavuvi wa Rumonge, Magara na Nyanza-Lac, mtafiti akija kuwauliza miamba ilipo na samaki wanavyotembea, mwambieni aandike jina la chama chenu katika ripoti yake, nanyi mbaki na nakala.