KUISHI BILA MFUKO WA TUMBO

Mfuko wa tumbo ni ghala na pia ni kiwanda. Hupokea chakula, hukichanganya na tindikali, kisha hukipitisha kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba. Hata hivyo, binadamu aweza kuishi bila mfuko huo. Mwezi Septemba 1897, Carl Schlatter, daktari mpasuaji wa Zürich, Uswisi, aliuondoa wote kwa sababu ya saratani, akaunganisha umio na utumbo mwembamba. Mgonjwa wake aliishi zaidi ya mwaka mmoja.

Hapa Tanzania upasuaji kama huo hufanyika katika hospitali kubwa, mathalani Muhimbili. Lakini mgonjwa atokaye Kilosa au Mikumi hurejea kwao, na huko ndiko sehemu ndefu ya uangalizi hutimizwa. Hatari zenyewe hazitokei kwa wakati mmoja.

Katika siku za kwanza, yahofiwa kwamba kiungo kipya kitavuja. Homa, maumivu makali na mapigo ya moyo ya kasi ni dalili zinazotazamwa wodini.

Katika majuma yafuatayo, tatizo ni kukosekana kwa ghala. Chakula, hasa chenye sukari nyingi, humiminika utumboni kwa ghafla na kuvuta maji kutoka katika damu. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula, mgonjwa hutokwa jasho na kushikwa na kizunguzungu. Inafaa ale kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, asinywe maji mengi pamoja na chakula, na apunguze chai ya sukari nyingi na maji ya miwa.

Hatari ya tatu hujificha. Mfuko wa tumbo hutengeneza protini maalumu ambayo huiwezesha vitamini B12 kufyonzwa utumboni. Mfuko ukiondolewa, protini hiyo hukoma, lakini ini huwa na akiba ya vitamini hiyo iwezayo kutosha miaka kadhaa. Akiba ikiisha, damu hupungua. Miguu hufa ganzi na mwendo huyumba, kwa kuwa neva nazo huharibika.

Katika sehemu kama Kilosa, mtu mchovu mwenye viganja vyeupe hudhaniwa upesi kuwa ana malaria au safura. Darubini husaidia kutofautisha: safura hufanya chembe nyekundu za damu kuwa ndogo, ilhali upungufu wa B12 huzifanya kubwa kupita kawaida. Kumpa mgonjwa huyo vidonge vya asidi foliki peke yake kwaweza kuongeza damu huku neva zikizidi kudhurika, pengine bila kupona tena.

Kinga ni rahisi: sindano ya vitamini B12 msulini, kwa kawaida kila baada ya miezi 3, maisha yote. Kwa hiyo mgonjwa na atunze cheti chake cha upasuaji, akionyeshe kwa kila mganga amtibuye, hata kama kovu lilikwisha pona miaka mingi iliyopita.