Je, Wajua? Korosho, Chumvi na Magari ya Kale ya Italia

Je, wajua kwamba breki za magari zina korosho ndani yake? Ganda la korosho hubeba mafuta meusi, makali, yanayokaribia robo ya uzito wa ganda lenyewe. Viwandani mafuta hayo hupikwa na kemikali nyingine mpaka yagande, halafu husagwa yakawa unga unaochanganywa kwenye brekipedi na sahani za klachi. Unga huo humeza joto na kupunguza kelele breki inapobana. Wabanguaji wa Mtwara wanayajua mafuta haya kwa ngozi zao: yakigusa kidole, ngozi hubabuka, ndiyo maana wabanguaji wa mkono hujipaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kushika ganda la kwanza. Wapenzi wa magari husifia injini na rangi nyekundu, lakini kinachomrudisha dereva nyumbani ni breki, na katika breki jasho la watu wa kusini limo.

Je, wajua kwamba bajaji inayokutoa Mtwara mjini hadi Mikindani ina babu wa Kitaliano? Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio, iliyokuwa ikiunda ndege kabla ya vita, ilitoa Vespa. Msanifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa helikopta. Miaka miwili baadaye likatoka toleo la magurudumu matatu, Ape, la kubebea mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bajaj ya India ilikuwa ikiunda Vespa na vyombo vya magurudumu matatu kwa leseni ya Piaggio. Ushahidi uko mkononi mwa dereva hadi leo: ile gia ya kukunja kwa mkono wa kushoto, pamoja na klachi yake, ni urithi wa Vespa. Kijana anayekaza kebo ya klachi hiyo kijiweni anafanya kazi ileile iliyofanywa na mafundi wa Italia miaka ya 1940.

Je, wajua kwamba gesi ya Mnazi Bay, kusini-mashariki mwa Mikindani, iligunduliwa na Waitaliano? Ni kampuni ya Agip, mwaka 1982. Na viwanda kadhaa vya korosho vilivyojengwa nchini miaka ya 1970 vilifungwa mitambo ya Oltremare, ya Italia pia.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe. Ferrari au Alfa Romeo ya kale si kitu utakachopishana nacho kila siku kwenye barabara ya Mikindani. Hata hivyo ghuba yetu ya Mikindani ina somo ambalo kila mwenye gari la aina hiyo, popote alipo, hulipia fedha nyingi kulijifunza, nalo ni chumvi. Tazama vichwa vya misumari na bawaba za nyumba za zamani zinazoelekea maji, au mabati ya paa upande unaopigwa na upepo wa kusi. Chuma hapa hakihitaji mvua ili kioze, kwa sababu hewa peke yake inatosha.

Je, wajua kwamba magari mengi mazuri ya Italia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliundwa kwa namna inayoikaribisha chumvi? Karakana ya Touring ya Milano ilibuni mtindo ulioitwa Superleggera: fremu ya mabomba membamba ya chuma, juu yake ngozi ya alumini. Ni wepesi wa ajabu. Lakini alumini na chuma vikigusana mahali penye maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo. Umeme hafifu hupita kati yake na alumini huliwa polepole, chini ya rangi, mahali pasipoonekana. Fundi mzoefu haangalii mng'ao wa bodi. Hupitisha kidole kwenye ukingo wa mlango na chini ya madirisha, akitafuta rangi iliyovimba mfano wa upele. Akiukuta, anajua kwamba kazi iliyo ndani ni kubwa kuliko inavyoonekana. Rimu za magnesi za Campagnolo, zilizofungwa kwenye Lamborghini Miura, huumia zaidi: magnesi na chumvi ni maadui wa damu.

Je, wajua kwamba Miura za mwanzo zilitumia oili moja kwa injini na gia? Vyote viwili vilikaa ndani ya sampu moja, hivyo vipande vya chuma vilivyomeguka kwenye meno ya gia vilikuwa na njia ya kufika kwenye beringi za injini. Kwenye magari mengi ya toleo la mwisho, Miura SV, oili zikatenganishwa. Ferruccio Lamborghini mwenyewe alianza na matrekta mwaka 1948 na hakugusa biashara ya magari ya michezo mpaka mwaka 1963.

Je, wajua kwamba injini iliyoshinda Safari Rally ilikuwa na ukoo wa gari la kawaida la Fiat? Hapa nitakaa kidogo, maana ni habari ya kwetu Afrika Mashariki. Aurelio Lampredi alisanifu injini za V12 za Ferrari, kisha akahamia Fiat. Mwaka 1966 injini yake ya silinda nne, yenye kamshafti mbili juu, ilitoka katika Fiat 124 Spider. Wakati wengi walitumia cheni, yeye alizungusha kamshafti kwa mkanda wa mpira wenye meno. Tena aliwafikiria mafundi: visahani vya chuma vinavyopanga nafasi ya valvu aliviweka juu, ili vibadilishwe bila kuzitoa kamshafti. Fundi hupima nafasi kwa fila geji, huchomoa kisahani, hukipima kwa maikromita, kisha huweka kingine kinachotofautiana kwa sehemu za mia za milimita. Anarudia hivyo kwa valvu zote nane.

Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lancia iliisaka kwa miaka mingi. Mwaka 1974 Sandro Munari alishika nafasi ya tatu na Fulvia. Mwaka 1975 akawa wa pili na Stratos, gari lenye injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya viti. Mwaka 1977 akarudi nafasi ya tatu. Stratos ilifunguka mbele na nyuma, vipande vyote viwili vya bodi vikainuliwa, na mafundi wakaingia na spana kutoka kila upande. Ushindi ulikuja mwaka 1988, Miki Biasion akiendesha Delta Integrale yenye injini iliyozaliwa na ile ya Lampredi. Akashinda tena 1989, na Juha Kankkunen akafuata 1991. Kwa maoni yangu hakuna injini ya Kitaliano iliyothibitishwa vizuri kuliko hiyo, maana vumbi na matope ya Kenya havipendelei mtu.

Mkanda wa meno, kama ule wa Lampredi, ndio unaowatia hofu wenye magari ya kale. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, katika injini nyingi za aina hii pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Wajua basi kwamba mkanda huzeeka hata gari likiwa limesimama? Mpira hukauka na kupasuka, ndiyo maana mafundi wa Ferrari 308 na wenzake huubadilisha kila miaka mitatu hadi mitano, hata kama gari limetembea kilomita chache tu. Kwenye Ferrari Testarossa, kazi hiyo huhitaji injini nzima ishushwe.

Je, wajua kwamba kabureta hurekebishwa kwa sikio? Edoardo Weber alianza kuzitengeneza Bologna mwaka 1923, na V12 za Ferrari na Lamborghini zilibeba Weber nyingi, safu kwa safu. Kila mdomo lazima uvute hewa sawa na mwenzake. Kipimo maalumu kipo, lakini mafundi wa zamani huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakalinganisha mvumo mmoja baada ya mwingine huku wakigeuza skrubu kidogo kidogo. Mvumo ukilingana, injini hutulia.

Turudi kwenye breki: mafuta yake hunywa unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzijoto 230. Yakishanywa maji, huweza kuchemka kwenye 155, na pedali ikazama hadi sakafuni. Kwa unyevu wa pwani, miaka miwili isipite bila kuyabadilisha.

Je, wajua kwamba Asmara, Eritrea, kuna kituo cha zamani cha mafuta chenye umbo la ndege? Ni Fiat Tagliero, kilichosanifiwa na Giuseppe Pettazzi mwaka 1938, chenye mabawa ya zege ya mita 15 kila upande bila nguzo. Mji huohuo umezitunza Fiat 500 na 600 kwa miongo mingi, spea nyingi zikichongwa na mafundi wenyewe. Ferrari ilifungua idara yake ya magari ya kale, Classiche, mwaka 2006. Mafundi wa Asmara walikuwa wameshaianza kazi ya aina hiyo kwa mahitaji ya kila siku, bila michoro ya kiwandani.

Kama baba au babu yako aliacha Vespa, Fiat au gari lolote la zamani bandani, usiliache likae. Mwaga petroli iliyochacha, safisha jeti za kabureta, badilisha mkanda na mafuta ya breki, kama vipo, kabla ya kuliwasha. Likishatembea, lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uanzie chini ya bodi, kwa sababu huko ndiko kutu inakoanzia.