Chema Chajiuza, Kikiwa na Jina

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini vikundi vya Kibaha na Kisarawe vinavyosaga unga wa muhogo au kubangua korosho vikiuza katika mifuko isiyo na jina, mteja wa Dar es Salaam atauliziaje tena bidhaa hiyo?

Kikundi kichague jina fupi, nembo moja na rangi zake, kisha kivitumie vilevile kwenye lebo, bango na risiti. Lebo ioneshe uzito, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya simu.

Kusajili jina la biashara BRELA hakutoshi kuilinda nembo. Alama ya biashara husajiliwa peke yake chini ya sheria ya mwaka 1986. Ulinzi ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. SIDO husaidia mafunzo ya ufungashaji, na tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yako TBS.

Hata hivyo, nembo ni ahadi. Unga wenye mchanga utalichafua jina lenyewe.

Kamati za parokia na wafadhili, tunapochangia mashine, tutenge pia fungu la lebo na usajili.