Uzito Wote Mguu Mmoja

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Sidhani kama walikuwa wakiifikiria theluji, lakini msomaji atakaye kujua jinsi watu wa Norway na Finland wanavyokwenda masafa marefu juu ya theluji, mbao miguuni, na aanze na methali hiyo.

Mkenya mwenzetu Philip Boit, mkimbiaji, alikwenda Finland mwaka 1996 kuitafuta elimu hii. Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92, kiasi cha dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja hadi mwisho akamkumbatia. Pumzi Boit alikuwa nayo. Kuteleza ndiko kulikokuwa kugeni kwake.

Maana mkimbiaji huinua mguu akaupiga chini, bali mtelezaji husukuma. Kila ubao, uitwao skii, umepinda katikati mithili ya upinde, na hapo hupakwa nta ya kushika. Kiatu hufungwa mbele tu, kisigino kikawa huru. Ukiukanyaga ubao mmoja kwa uzito wako wote, ule upinde hulala, nta ikashika theluji, nawe ukapata pa kujisukumia. Papo hapo hamishia uzito wote mguu wa pili, uuache uteleze, goti limekunjwa kidogo na kifua kimeinama mbele. Ukiugawa uzito nusu kwa nusu, hakuna ubao utakaoshika barabara, nawe utabaki kama fisi wetu.

Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto nao huenda mbele. Fimbo huchomekwa thelujini ikasukumwa hata ipite nyonga, kama baharia na upondo wake. Kupanda mlima, ncha za mbele hutanuliwa, alama zikabaki kama miba ya samaki. Kuteremka, ncha hukaribiana na visigino hutanuka, mbao zikalalia kingo za ndani, kasi ikapungua.

Nionavyo mimi, siri yote imo katika kile kitambo cha kuteleza. Mwanafunzi huogopa kusimama kwa mguu mmoja, akaharakisha hatua ya pili, akaupoteza mwendo aliokwisha kuutolea jasho. Aliyebobea hutulia, akapumzika huku akienda. Boit hakukata tamaa: alirudi Olimpiki mwaka 2002, akarudi tena 2006.