Tumbo Linauma? Tumbo Lipi?

Mpenzi msomaji, wewe unayeanza siku kwa chai ya rangi na kidonge cha maumivu, kaa mkao wa kusoma. Ya leo yanakuhusu.

Jumapili moja nilikuwa Bujora, kule Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, nikiangalia ngoma za Wasukuma. Ngoma imekolea, mara hapa chini ya kidari pakaanza kuchoma kama kaa la moto. Shangazi akanitazama: "Chembe ya moyo hiyo, mwanangu." Nikanywea. Moyo, na umri huu?

Kesho yake nikamwambia daktari, "Tumbo linauma." Akacheka. "Tumbo lipi?" Akachora kitu kama kibuyu kilichopinda.

Kumbe mfuko wa chakula una sehemu zake! Juu ni kardia, mlango wa kuingilia. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake moyo, kwani upo jirani nao. Wagiriki na shangazi lao moja! Mlango huo ukilegea, asidi inapanda: kiungulia. Pembeni, kama paa, ni fandasi. Hewa ya soda hukaa hapo mpaka ucheue. Kati ni mwili wenyewe, kiwanda cha asidi. Chini ni antrumu, inayosaga chakula kuwa uji. Mwisho pailorasi, yaani bawabu, anayeruhusu uji huo kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba.

Vidonda je? Zamani lawama zote zilikwenda kwa pilipili na mawazo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, akanywa bakteria makusudi. Tumbo likamvimba kwa ndani. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hupenda sana antrumu. Mwaka 2005 Marshall na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Leo anatibiwa kwa dozi ya antibiotiki, ukiimaliza.

Mimi mchawi wangu alikuwa diklofenaki. Nilikuwa naitafuna kama karanga, tena kabla ya kula! Dawa hizo huchubua ukuta wa tumbo.

Na shangazi hakukosea sana: moyo ukiumwa, maumivu huweza kutokea papo hapo. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Siku nyingine ukiulizwa tumbo lipi, weka kidole mahali penyewe. Tuonane wiki ijayo!