Nguvu Itokayo Katika Baridi

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, mtaalamu Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu digrii 269 za Sentigredi chini ya sifuri, akaona ajabu: umeme ulipita ndani yake bila kizuizi chochote. Je, meli haziwezi kuendeshwa kwa ajabu hiyo?

Swali hili si la mzaha. Mota ya kawaida hutumia nyaya za shaba. Shaba huupinga umeme, na upinzani huo huzaa joto. Atakaye nguvu kubwa hana budi kuongeza shaba na chuma, hata mota yenyewe ikawa mzigo kwa meli.

Mwaka 1986, Bednorz na Müller waligundua huko Uswisi kwamba vitu fulani vya jamii ya kauri huacha kuupinga umeme bila kuhitaji baridi kali kama ile ya zebaki. Kutokana na jamii hiyo zikapatikana nyaya mpya. Januari 2009, mota ya nyaya hizo, yenye nguvu za farasi 49,000, ilijaribiwa kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, ikatoa nguvu zake zote. Uzito wake haukufika tani 75. Ya shaba yenye nguvu sawa ingepita tani 200.

Lakini tusisifu tunda bila kuutazama mti. Sumaku za mota hiyo huzunguka ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, katika baridi kuu, huku zikiuzungusha mhimili ulio katika joto la kawaida. Kiungo baina yake sharti kiwe imara, kwani hubeba nguvu yote. Tena kisipitishe joto, kwani joto likiingia kazi imeharibika. Hapo ndipo mhandisi hupimwa. Aidha, upo mtambo wa kubaridisha: ukizimika kwa muda mrefu, upinzani hurudi na nguvu hutoweka.

Kufaulu katika majaribio ni jambo moja. Kukabidhiwa meli ni jingine. Zumwalt, manowari ya Marekani iliyoanza utumishi mwaka 2016, ilipewa mota za shaba.

Basi tusiipime mota kwa uzito wake peke yake. Tuweke mizanini pia mtambo wa baridi, umeme unaoula, na fundi atakayeutengeneza katikati ya bahari. Atakaye cha mvunguni sharti ainame.